Juisi ya kuchoma mafuta: chupa 14 na kipima sukari cha mama

Tangu Januari kuna kibanda cha juisi kwenye njia ya Raskazone, hapa Tanga, kinachouza kifurushi cha wiki mbili: chupa 14 za nusu lita, moja kila siku, kwa shilingi 35,000. Bodaboda anakuletea mlangoni alfajiri. Kwenye kila chupa kumebandikwa karatasi ya kijani: "Kunywa nusu saa kabla ya mazoezi. Huchoma mafuta ya tumbo." Nilinunua kifurushi kizima, nikanywa zote, na kwa kuwa mama yangu ana sukari na kipimo chake kiko nyumbani, nilijipima. Jina la kibanda sitaliandika. Anayekiendesha nilimfundisha baiolojia kidato cha tatu, na ninachotaka ni abadilishe ile karatasi, biashara yake iendelee.

Juisi yenyewe ni nzuri, tena nzuri sana. Msingi wake ni machungwa ya Muheza, yale yanayobaki na ganda la kijani hata yakiiva. Yanakamuliwa kwa mkono, halafu yanachanganywa na embe na nanasi vilivyopita kwenye blenda, na tangawizi mbichi iliyotwangwa kwenye kinu. Nilikaa pale asubuhi moja tangu saa kumi na mbili nione kila kitu. Hakuna sukari ya kuongeza, hakuna rangi, na maji hayamwagwi ndani kabisa. Chupa ni mpya, si zile za maji zilizookotwa. Ukinywa, embe linakuja kwanza, chungwa linafuata, na tangawizi inakusubiri kooni. Siku mbili embe lilipokosekana sokoni waliweka pesheni na wakapiga simu kuniambia mapema, jambo ambalo wauza juisi wengi hapa mjini hawalifanyi. Siku moja tu walichelewa, mvua ilikuwa kubwa.

Tatizo langu ni maneno ya kwenye karatasi.

Nina miaka 44 na kilo 74. Nakimbia siku nne kwa wiki: nusu yake kilomita tano, kutoka Chumbageni kushuka Bombo hadi Raskazone na kurudi, nyingine ndefu zaidi kwa sababu najiandaa na nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21. Mwendo wangu ni wa mchakamchaka, naweza kuongea huku nakimbia. Huo ndio mwendo ambao mwili unatumia mafuta kwa wingi. Ukikaza sana, mwili unahamia kwenye sukari iliyohifadhiwa misulini na kwenye ini, ile iitwayo glaikojeni, kwa sababu inatoa nguvu haraka zaidi. Kwa hiyo mtu wa mwendo kama wangu ndiye hasa anayelengwa na chupa ile.

Siku ya tatu nilijipima saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kula chochote: 5.0, kwa milimoli kwa lita ya damu. Nikanywa chupa yote kama nilivyoelekezwa. Nusu saa baadaye kipimo kilisoma 8.7. Nikafunga kamba za viatu nikatoka. Kilomita ya kwanza nilikuwa mwepesi. Nilipokaribia Bombo, mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka shingoni, na miguu ikawa mizito kama nimeshatembea siku nzima. Nilikuwa nimeweka kipimo kwenye mkoba wa kiunoni. Nikakaa kwenye ukingo unaotazama kisiwa cha Toten, nikajichoma kidole: 3.8. Nilirudia siku ya sita na ya tisa. Siku ya sita ilitokea tena, ya tisa haikutokea. Siku nilizokimbia bila juisi, nayo chupa nikainywa baada ya kurudi, sukari ilitoka 5.1 ikaenda 5.2 njia nzima na sikutetemeka hata mara moja.

Hakuna uchawi hapo. Juisi ya nusu lita ya matunda haya ina sukari gramu 50 au zaidi kidogo, yaani vijiko 12 vya chai. Ikiwa ndani ya tunda, sukari hiyo huingia taratibu, maana unatafuna na nyuzinyuzi zinaichelewesha. Ukishakamua na kuchuja, inamiminika. Kongosho linajibu kwa kutoa insulini, na insulini ina kazi mbili zinazotuhusu hapa. Ya kwanza, inaisukuma sukari kutoka kwenye damu iingie misulini. Ya pili, inaziambia seli za mafuta zisiachie mafuta yake. Sasa wewe unaanza kukimbia katikati ya agizo hilo. Misuli inayofanya kazi nayo inavuta sukari kwa nguvu zake yenyewe, bila kungoja insulini. Mivuto miwili kwa wakati mmoja, na baadhi yetu sukari inashuka ghafla. Huku ghala la mafuta, ambalo ndilo ulilotaka kulifungua, limefungwa na kile ulichokunywa ili kulifungua.

Hili linajulikana miaka mingi katika elimu ya michezo: ukinywa wanga au sukari kabla ya mazoezi, kiasi cha mafuta kinachochomwa wakati wa mazoezi hupungua. Matunda kuwa ya asili hakubadilishi kitu. Chungwa la Muheza ni la asili na sukari yake pia ni ya asili, na kongosho halisomi shamba.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana wapo wanaokimbilia upande wa pili wakasema basi kimbia na njaa ndiyo utapungua. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwagawa wasichana 20 makundi mawili kwa wiki nne. Wote walifanya mazoezi saa moja, siku tatu kwa wiki, wote walipewa mpango wa kula pungufu. Wengine walifanya kabla ya kula, wengine baada ya kula. Makundi yote yalipungua, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kuchoma mafuta saa ile unayokimbia si sawa na kupunguza mafuta mwilini. Mwili unahesabu siku nzima: ukichoma sukari asubuhi, utachoma mafuta mchana, mradi jumla ya ulichokula ni ndogo kuliko ulichotumia.

Na hapo kwenye jumla ndipo chupa inaponiumiza zaidi. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Kwangu mimi kilomita tano ni kama 370. Chupa moja ni 200. Zaidi ya nusu ya mbio yangu nimeinywa kabla sijatoka mlangoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari huru, yaani ya kuongezwa na ile iliyokwisha kutolewa kwenye tunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na juisi ya matunda imo katika hesabu hiyo. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Chupa imemaliza posho ya siku, na chai ya maziwa bado sijainywa. Baada ya wiki mbili nilipanda mizani: 74 na nusu.

Kuna bango pia pale kibandani, limeandikwa kuwa utafiti wa Uingereza umethibitisha juisi huongeza uchomaji wa mafuta kwa asilimia 27. Nililitafuta chimbuko lake, na nafurahi nililitafuta kwa sababu namba ni ya kweli. Ni ya mwaka 2015, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chichester. Waliwapa waendesha baiskeli 14 wanaume dondoo la blakikaranti ya New Zealand, lile tunda dogo jeusi ambalo wengi wetu tunalijua kwa ladha ya soda tu. Miligramu 300 kwa siku, kwa vidonge, siku saba. Walipoendesha kwa nguvu ya kadiri mafuta waliyochoma yaliongezeka kwa asilimia 27, na mbio ya kilomita 16.1 wakaimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 2.4. Ni jambo la kuvutia na ningependa kuona likifuatiliwa. Ila ni kidonge. Kinachodhaniwa kufanya kazi ni ile rangi ya zambarau ya tunda, ikiwa haina sukari ya kuhesabika. Huwezi kuitoa namba hiyo kwenye kidonge cha blakikaranti ukaibandika kwenye nusu lita ya embe.

Ningeweza kuyaacha yote haya. Nimeandika kwa sababu ya jirani yangu. Ana sukari kama mama, ana miaka 58, na daktari amemwambia atembee. Aliiona karatasi ya kijani mkononi mwangu, naye akajiandikisha kimyakimya. Siku ya nne aliniita nimpime, macho yanamwuma na ana kiu isiyoisha. Kipimo kilisoma 17.2. Yeye aliamini anakunywa dawa ya kupunguza tumbo. Tulimpeleka hospitali, alipona, lakini usiku ule sikulala.

Kesho yake nilikwenda kibandani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya karatasi yako."

Alinisikiliza. Hakubisha, ila aliniuliza swali la haki: "Sasa mwalimu, nikiondoa mafuta ya tumbo, watu watanunua kwa nini?" Nikamweleza Jumapili yangu.

Jumapili hukimbia kilomita 16, na kwa mwendo wangu hiyo ni zaidi ya saa mbili. Wiki ya pili nilichukua chupa yake moja, nikaichanganya na maji kiasi hichohicho, nikatia chumvi ya ncha ya kijiko, nikainywa kidogo kidogo kuanzia dakika ya 40. Hapo juisi ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwili ukishakuwa kwenye mwendo, adrenalini huizuia insulini isipande sana, kwa hiyo ule mtikisiko wa Bombo haukuja. Glaikojeni inapoanza kupungua, glukosi na fruktosi, zile sukari mbili za matunda, zinapita utumboni kwa milango tofauti, ndiyo maana zikiwa pamoja mwili unaweza kupokea zaidi kuliko glukosi peke yake. Kilomita za mwisho, ambazo kwa kawaida huwa natembea kipande, nilizikimbia zote. Nilifika nyumbani nikiwa na sauti ya kuimba. Wapanda baiskeli na wakimbiaji wa mbio ndefu wananunua unga wa kuchanganya na maji kwa bei kubwa, wakati Muheza iko kilomita 40 tu kutoka hapa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kununua: ukikimbia chini ya saa moja, usinywe kabla. Kunywa maji. Juisi yake chukua robo lita baada ya mazoezi, pamoja na yai au maharage, kama mlo na si kama nyongeza. Ukienda zaidi ya saa moja na nusu, ichukue njiani na maji na chumvi. Ukiwa na sukari, kula chungwa lenyewe, moja, na usiache kupima. Kwa ladha na usafi sijaona kibanda kinachomfikia hapa Tanga, na bei ya shilingi 2,500 kwa chupa naiona ya haki kwa matunda yanayoingia.

Aliniambia bado ana karatasi za kijani 200 alizolipia. Nilimpa fedha za kuchapisha nyingine, akakataa kuzipokea, akasema atazichapisha mwenyewe. Tuliandika maneno pamoja nyuma ya daftari la hesabu zake: "Matunda matupu. Kwa mbio ndefu na baada ya mazoezi. Ina sukari ya matunda takriban gramu 50. Mwenye kisukari aulize kwanza." Ijumaa iliyopita nilipita jioni, bango la asilimia 27 halipo, na kwenye barafu kulikuwa na chupa zenye karatasi nyeupe. Nilichukua mbili, moja ya mwanangu, moja ya Jumapili.