Sola ya malipo ya kidogo kidogo: huduma nzuri, bei ya kupimwa

Huduma ya kununua mtambo wa sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa imetufaa sana nyumbani, nami naipendekeza kwa dhati, mradi mnunuzi aielewe bei yake. Amana ni ndogo, taa hudumu usiku kucha, na simu hazikosi chaji. Hata hivyo, ukijumlisha malipo yote utakuta yanazidi kwa mbali bei ya taslimu, jambo ambalo muuzaji alipaswa kulieleza kabla hatujatia sahihi.

Bei hiyo haitokani na muuzaji peke yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilipoondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola nchini Kenya, kodi ya asilimia 14 iliwaangukia wanunuzi wakati ule ule ambapo korona ilikuwa imewapunguzia kipato. Msamaha ukarudishwa mwaka 2021. Mwenye umeme wa gridi anaweza kusubiri bei ishuke, lakini familia inayochagua kati ya sola na mafuta ya taa hubaki na koroboi na moshi wake, kwa tofauti ya shilingi chache. Ndiyo maana naona mradi wa KOSAP wa kufikisha umeme wa sola kusikofika gridi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika kaunti 14 zilizosahaulika, umeelekezwa panapostahili.

Kabla ya kununua, uliza bei ya taslimu, muda wa dhamana ya betri, na fundi anapatikana wapi.