Uzoefu wangu na tiketi ya wanafunzi Ujerumani (Deutschlandticket), semista moja Köln

Tangu nirudi Dodoma watu wananiuliza baridi, chakula, sijui watu wa kule wakoje, hakuna anayeuliza kitu kilichonibeba semista nzima, nacho ni tiketi ya usafiri. Naandika kwasababu kuna wadogo zangu hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) najua wapo kwenye mchakato wa kwenda, na mimi nilienda bila mtu wa kunielekeza.

Nilikaa Köln kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa 2025. Kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi ada hulipi, ila kuna mchango wa semista lazima utoe ndo usajiliwe, na hela ya tiketi imo humo humo. Kwa semista ile tiketi peke yake ilikuwa euro 208.80 kwa miezi sita, yani 34.80 kwa mwezi, wakati asiye mwanafunzi alikuwa analipa 58. Euro moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu tatu, kwahiyo ni laki sita na ushee inatoka kwa mkupuo, hujanunua sufuria wala mto wa kulalia. Kiukweli iliniuma. Nilimfikiria mama yangu Kibaigwa, ameuza magunia ya mwisho ya mahindi ili nipate hela ya kuanzia, afu hela yenyewe inaenda kwenye mabasi ambayo hata sijayaona.

Wiki mbili tu nikajua sijaonewa.

Tiketi ile inafanya kazi nchi nzima. Tramu za mjini, mabasi, treni za chini ya ardhi, treni za mikoani, vyote. Leo uko Köln, Jumamosi uko Bonn kwa mtanzania mwenzako mnapika ugali, Jumapili uko Aachen, hutoi hata senti nyingine. Hakuna konda. Sisi tumezoea konda wa daladala anagonga sarafu kwenye bomba, nauli huko nyuma, kule unapanda unakaa unashuka, hakuna aliyekusemesha, siku wakaguzi wakipita ndo unatoa simu wanaskani. Mwanzoni nilikuwa nimeishika simu mkononi njia nzima.

Safari ambayo sitaisahau ni ya kwenda Cochem, mji mdogo kando ya mto Mosel. Unatoka Köln unafuata mto Rhine mpaka Koblenz, pale ndo mto Mosel unaingia Rhine, unabadilisha treni unaufuata Mosel wenyewe, na dirishani kushoto na kulia ni zabibu. Mimi nimekulia kwenye zabibu, baba mdogo ana shamba Hombolo, nikajua naenda kuona kitu ninachokijua, kumbe wapi. Zetu ziko tambarare kwenye mchanga, zile zimepandwa kwenye mlima umesimama kama ukuta, kila mzabibu na mti wake mmoja wa kuuegemea, na sehemu nyingine wameweka kireli kimoja chembamba kinapanda mlimani na kigari cha kubebea mizigo maana mtu na gunia hapandi pale. Nilimkuta mzee anafunga matawi, kiingereza chake cha kuungaunga na mimi kijerumani changu cha miezi miwili, nikamuonyesha picha za shamba la Hombolo kwenye simu. Nikamwambia sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa pili wa tatu, na tena wa nane wa tisa. Akarudia, mara mbili? Akaita mkewe aje asikie. Wao ni mara moja tu, wakianza kuelekea baridi basi mpaka mwakani. Nilikaa nao kama saa nzima, mama yule akanipa mkate na jibini nikala njiani. Yote hiyo ni kwasababu nilikuwa na tiketi mfukoni na siku haina kipindi, ingekuwa ya kukata nauli kila safari nisingetoka Köln.

Sasa upande wa pili. Tiketi hii haipandi treni za haraka. Ukiona imeandikwa ICE au IC, ndo hizo za haraka, hiyo sio yako, yako ni RE na RB, yani treni za mikoani, na S-Bahn, treni za mjini na vitongoji vyake. Maana yake safari ndefu unaenda pole pole. Köln kwenda Hamburg kwa ICE ni kama masaa manne, mimi nilipita Münster, Osnabrück, Bremen ndo Hamburg, masaa karibu saba kwa kubadilisha badilisha, na ukichelewa treni moja tu mpangilio wote unavunjika unakaa stesheni kusubiri. Kwa mtu wa hapa aliyezoea basi la Mwanza masaa saba sio kitu, lakini beba chakula, hasa Jumapili maana maduka mengi kule yanafungwa kabisa, na choo nenda ukiwa ndani ya treni, stesheni kubwa nyingi wanalipisha.

Na hili la simu nalisema kwa uchungu maana lilinikuta. Tiketi iko kwenye aplikesheni, simu yangu ikazima chaji tukiwa tunarudi usiku, mkaguzi akaja. Nikamuelezea, kitambulisho cha chuo ninacho, akanielewa kabisa ila kwao usipoonyesha ni sawa na huna, akaniandikia karatasi ya euro 60. Usiku ule sikulala, euro 60 ni chakula changu cha wiki mbili. Asubuhi jirani yangu wa hosteli akanisomea ile karatasi vizuri, kumbe kama tiketi yako ina jina lako na ulikuwa nayo halali siku ile, unaenda na ushahidi ndani ya muda walioandika inashuka mpaka euro 7. Nikaenda, nikaonyesha, nikalipa 7 yakaisha. Kwahiyo ukipewa ile karatasi usikimbilie kulipa, na usiitupe.

Mimi naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa hilo la treni za haraka. Wanaoenda sasa hivi waulize kwanza bei ya semista yao maana inapanda, mwaka 2024 ilikuwa 29.40 kwa mwezi. Pia hakikisha chuo unachoenda kinaitoa, sio vyote viko kwenye mpango. Ukishalipa mchango usisubiri wakuletee, ingia kwenye akaunti ya chuo uipakue mwenyewe mapema, mimi wiki ya kwanza nilikuwa nakata tiketi za kulipia na yangu ipo tu inanisubiri. Na pawabenki nunua hapa hapa Dodoma kabla hujaondoka.