Laptop haiwaki kabisa: uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Laptop yangu ni ya mtumba, zile za maofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo nikiwa kazini, na tangu hapo ukibonyeza kitufe, kimya. Si taa, si feni, si kioo.

Yanayojaribika nyumbani niliyajaribu. Nilichomoa chaja, nikafungua mfuniko wa chini na kutenganisha betri, nikashikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikarudisha chaja peke yake. Wapi! RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, sikuigusa, hiyo huwa naishuku pale mashine inapowasha taa na kuzungusha feni huku kioo kikibaki cheusi. Ila kuna kitu nilikiona: taa ndogo ya chaja inawaka vizuri ikiwa ukutani, lakini ukiichomeka tu kwenye laptop, inazima. Ichomoe, inawaka tena.

Duka la kwanza hawakufungua hata skrubu moja. "Mazabodi imekufa," yaani ile bodi kuu ya ndani, kuibadilisha Sh 350,000, wakauliza na kama nina bakapu ya mafaili. Kwa hela hiyo unaongezea kidogo unapata mtumba mwingine. Nikabeba mzigo wangu.

Fundi ninayemzungumzia hapa ana meza kwenye korido ya jengo la maduka ya simu, upande wa Mtaa wa Aggrey. Kibao hana. Alichonifurahisha ni kwamba alianza na mita. Akapima ncha ya chaja, ikasoma volti 19.5.

"Chaja nzima hii, dada. Inazima kwa sababu inajilinda. Ndani kuna shoti."

Akafungua, akagusisha mita kwenye njia kuu ya umeme, chanya na hasi, ikapiga mlio mfululizo. Kweli shoti. Sasa bodi ina vipande mamia, utajuaje mkorofi ni yupi? Akaunganisha waya za pawasaplai yake, kifaa cha kutoa umeme wa volti anayoitaka, akashusha hadi volti 1 hivi ili kipande chenye shoti kipate moto, akapaka spiriti eneo lote karibu na tundu la chaji. Tukainama wote wawili kutazama. Spiriti ilikuwa inakauka taratibu, isipokuwa sehemu moja iliyokauka palepale: kapasita, kipande cha kutunza umeme kidogo, ndogo kuliko punje ya mchele, imepata moto. Akaing'oa kwa hewa ya moto, akapima tena, mlio hakuna. Akatoa nyingine kwenye bodi ya kimeo fulani alichonacho kwenye droo, akaichomelea. Tukachomeka chaja, taa haikuzima. Kitufe, feni, nembo kwenye kioo. Mafaili yote yapo, maana diski haikuguswa.

Nililipa Sh 60,000. Wapo watakaosema ni ghali kwa kapasita ya kuokoteza kwenye kimeo. Mimi sioni hivyo, mazabodi ingenitoka karibu mara sita ya hapo.

Lawama zipo. Alisema saa moja, tukamaliza jioni, kwa sababu kila mwenye simu akifika yeye anaiacha kazi yako anamhudumia. Risiti hatoi, na ile "garantii ya mwezi" ni ya mdomo tu. Halafu aliniomba nenosiri eti ajaribu kama mashine inafunguka. Nikavuta laptop nikaliandika mwenyewe, wala hakununa.

Ukienda, nenda asubuhi na ubebe chaja yako hata kama unaamini ni nzima, kwa sababu ndiyo ataanza nayo. Mwambie mwanzoni kabisa kilichotokea kabla haijazima: umeme, maji, kudondoka. Kama ni maji, usiwashe kwanza wala usichaji, tenganisha betri na umpelekee siku hiyohiyo.