Kuomba kumbukumbu za ukaguzi wa nyumba za ruzuku: tathmini ya huduma ya mamlaka moja ya nyumba jimboni Illinois

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kuomba kumbukumbu za ukaguzi wa nyumba zinazopangishwa kwa ruzuku ya serikali, kama inavyotolewa na mamlaka moja ya nyumba katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Sitaitaja mamlaka hiyo kwa jina, kwa kuwa niliyoyaona yanatokana na ombi langu peke yake na mwombaji mwingine anaweza kuhudumiwa vingine. Kwa ufupi, ni huduma yenye adabu, isiyo na gharama ya kuogofya, na inayomfaa sana mtu anayetaka kujua hali ya nyumba moja. Kwa anayetaka kujua kama kasoro zinazoandikwa na wakaguzi hurekebishwa kweli, huduma hii humpa nusu ya jibu tu, na nusu ya pili huitafuta kwa jasho. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kabla ya yote, mwombaji ajue ombi lake liende wapi, kwa maana hapo ndipo wengi hupoteza muda. Ruzuku ya vocha, yaani msaada unaomlipia mpangaji sehemu ya kodi kwa mwenye nyumba binafsi, ambayo watu huiita Section 8 kutokana na kifungu kilichoongezwa mwaka 1974 katika sheria ya nyumba ya mwaka 1937, hugharimiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, yaani HUD, lakini huendeshwa na mamlaka za nyumba za mitaa. Mamlaka ndiyo inayomtuma mkaguzi kabla malipo hayajaanza, kisha kwa kawaida angalau mara moja kila miaka 2, na ndiyo inayohifadhi fomu zake. Ombi likipelekwa Washington kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari (FOIA) iliyotiwa saini mwaka 1966, linakwenda kwa watu wasiokuwa na fomu hizo, kwa sababu sheria ile huzihusu ofisi za serikali kuu pekee. Mamlaka ya mtaa hubanwa na sheria ya jimbo, na Illinois ina sheria yake inayojulikana kwa kifupisho kilekile cha FOIA, jambo linalozidisha mkanganyiko. Aidha, anayeulizia majengo ya makazi ya umma, au majengo ya watu binafsi yenye mkataba wa ruzuku wa jengo zima, hana haja ya kuanza na barua: alama za ukaguzi wa majengo hayo, ambazo ukomo wake ni 100 na zikiwa chini ya 60 jengo limefeli, HUD huzitoa hadharani. Nyumba za vocha hazina alama. Zimetawanyika mjini kote mikononi mwa wenye nyumba wa kila aina, zinafaulu au zinafeli, na kumbukumbu zake hukaa katika kompyuta za mamlaka mpaka mtu azidai.

Ombi hutumwa kwa barua pepe kwa afisa wa FOIA. Tovuti ya mamlaka ina fomu, na maelezo yake yameandikwa kana kwamba fomu hiyo ni ya lazima, ilhali sheria ya Illinois hairuhusu ofisi ya umma kumlazimisha mwombaji atumie fomu maalumu, wala kumdai sababu ya ombi lake, isipokuwa kujua kama ni la kibiashara au kama anaomba asamehewe ada. Pamoja na hayo, fomu hiyo ina kisanduku cha madhumuni ya ombi. Nilikiacha kitupu, na kwa haki niseme kwamba hakuna aliyenihoji. Hata hivyo, mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba wake akikiona kisanduku hicho huenda akaufunga ukurasa na kuachana na jambo lenyewe, na sioni kwa nini kisiondolewe.

Maneno ya ombi ndiyo yanayoamua utakachopata. Ukiomba ripoti za ukaguzi, utaletewa fomu moja baada ya nyingine zilizopigwa skani, ambazo hazihesabiki wala hazipangiki. Ukiomba data iliyomo katika programu ya ukaguzi, ukazitaja safu unazozitaka, yaani tarehe ya ukaguzi, aina yake (wa kwanza, wa kawaida, wa malalamiko au wa marudio), matokeo, kasoro, anayewajibika kuirekebisha na tarehe ya kuthibitishwa kwa marekebisho, utapata jedwali linalofunguka katika kompyuta yoyote. Sheria ya jimbo iko upande wako katika hili: kumbukumbu zikiwa za kielektroniki na mwombaji akautaja muundo anaoutaka, ofisi inapaswa kuzitoa kwa muundo huo ikiwa inawezekana. Mimi niliomba vyote viwili, jedwali la ukaguzi wa nyumba za vocha na fomu kamili za nyumba chache tu, na sijutii, maana kila kimoja kinasema kisichosemwa na kingine.

Kuhusu muda, mamlaka ilikuwa ndani ya sheria. Illinois hutoa siku 5 za kazi, na ofisi inaweza kujiongezea 5 nyingine ikiandika sababu. Nyongeza hiyo ilichukuliwa, na barua yake ilifika kwa wakati ikiwa na sababu inayoeleweka. Afisa mwenyewe alinipigia simu kunieleza kwamba ombi langu la awali lingegusa maelfu ya kurasa, akapendekeza tulipunguze kwa miaka badala ya mitaa, ushauri uliokuwa wa manufaa kwangu kuliko kwake. Ada halikuwa suala: kurasa 50 za kwanza zisizo za rangi ni bure, zinazofuata haziruhusiwi kuzidi senti 15 kila moja, na faili za kielektroniki hazitozwi kwa ukurasa.

Fomu za ukaguzi zinastahili kusomwa polepole. Fomu ya HUD yenye namba 52580 humpitisha mkaguzi chumba kwa chumba, na sebuleni peke yake huuliza kama umeme upo, kama kuna hatari za umeme, kama madirisha na milango inafungika, kisha hali ya dirisha, dari, ukuta, sakafu na rangi, suala ambalo lina uzito wa pekee katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 ambamo mnaishi mtoto wa chini ya miaka 6, kwa sababu ya madini ya risasi yenye sumu katika rangi za zamani. Mbele ya kila swali kuna nafasi tatu: imefaulu, imefeli, au haijaamuliwa. Katika fomu moja niliyopewa, mkaguzi alikuwa ameandika kwamba dirisha la chumba cha kulala cha ghorofa ya chini halikuwa na komeo, kwamba kengele ya moshi ya ukumbini haikulia ilipojaribiwa, na kwamba mashine ya kupasha joto haikuweza kujaribiwa kwa kuwa gesi ilikuwa imekatwa. Kengele na dirisha zilipewa tarehe ya kukubaliwa. Mashine ya joto iliwekwa chini ya "haijaamuliwa", na safu yake ya tarehe ikabaki nyeupe. Jedwali liliionyesha nyumba hiyohiyo kuwa imefaulu. Huenda mtu alirudi akahakikisha asiandike, lakini kumbukumbu haisemi hivyo, na tofauti ya namna hii haionekani mpaka uviweke vyote viwili mezani.

Sasa niseme la nyota ya kwanza iliyopotea. Jedwali nililoletewa mara ya kwanza lilikuwa limefunikwa anwani zote, si namba ya nyumba pekee bali mtaa mzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa faragha ya wapangaji, na siidharau hata kidogo: kutaja kwamba nyumba fulani inalipiwa kwa vocha ni kutangaza kwamba familia iliyomo inapokea msaada, na miongoni mwa familia hizo wapo waliowakimbia wenzi wakatili, ambao sheria ya shirikisho inataka mahali walipo pafichwe. Sheria ya Illinois nayo huihesabu anwani ya makazi kuwa taarifa binafsi. Lakini sheria hiyohiyo inaweka ruhusa pale taarifa zinapokusanywa kwa namna isiyowezesha kuzihusisha na mtu yeyote, na mamlaka haikujisumbua kuitumia. Matokeo yake ni kwamba nyumba iliyofeli mwezi Machi na nyumba iliyofaulu mwezi Mei zingeweza kuwa nyumba moja au mbili tofauti, na hakuna awezaye kujua. Jedwali la ukaguzi lisilomwezesha msomaji kuifuata nyumba moja toka kasoro hadi marekebisho limepoteza kazi yake.

Nilipendekeza kila anwani ipewe namba ya siri. Jibu lilikuwa kwamba kufanya hivyo ni kutengeneza kumbukumbu mpya, na ofisi ya umma hailazimiki kutengeneza kumbukumbu ambayo haina. Kisheria hilo ni kweli, ila programu yao tayari huipa kila nyumba namba ya utambulisho isiyofanana na anwani. Kilichotakiwa kilikuwa kuiacha safu hiyo tu. Inachekesha kidogo kwamba wakati wino mweusi ulipofunika anwani katika kurasa, picha zilizoambatishwa kwenye fomu mbili zilionyesha mlango wa mbele na namba yake ikiwa wazi. Nilimwarifu afisa nikazifuta picha hizo, naye akashukuru, lakini tukio lenyewe laonyesha kwamba kufunika kulifanywa kwa mazoea bila mtu kujiuliza ni nini hasa kinalindwa.

Barua ya kukataa, ambayo kwa mujibu wa sheria lazima ieleze sababu na kumtajia mwombaji haki zake, ilikuwa kamili, na hilo ni la kusifiwa kwa kuwa ndiyo silaha ya mwombaji. Anayekataliwa ana siku 60 za kuomba mapitio katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo inayoshughulikia haki ya umma ya kupata kumbukumbu, tena bila kulipa chochote na bila kuhitaji wakili. Niliandika, nikaambatisha barua zote, na kabla uamuzi haujatoka mamlaka ilileta jedwali jipya lenye namba za nyumba. Kwa maoni yangu lingeweza kuletwa hivyo toka mwanzo.

Baada ya hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Kanuni za HUD zinamtaka mwenye nyumba arekebishe kasoro inayohatarisha uhai ndani ya saa 24, na kengele ya moshi isiyofanya kazi imo katika kundi hilo. Kasoro nyingine hupewa siku 30, au zaidi mamlaka ikiridhia. Ukiwa na namba ya nyumba na tarehe mbili, unaweza kupima. Hata hivyo, tahadhari moja: safu iliyoitwa tarehe ya kurekebishwa haikuwa na maana moja. Katika mistari mingine ilikuwa siku ambayo mkaguzi alirudi, na katika mingine siku ambayo mwenye nyumba alituma tamko lenye saini yake kwamba amekwisha rekebisha. Yote mawili yanaweza kukubalika katika taratibu za mamlaka, lakini hayana uzito sawa. Kwa hiyo katika ombi lolote la aina hii, omba pia safu inayoeleza uthibitisho ulifanywa kwa njia gani, na omba maelezo ya misimbo yote ya jedwali, la sivyo utabaki unakisia.

Nyota ya pili ilipotea kwenye malipo. Mwenye nyumba asiporekebisha kasoro inayomhusu, mamlaka inatakiwa kusimamisha ruzuku, na mpangaji hawajibiki kuilipa sehemu hiyo kutoka mfukoni mwake. Hiyo ndiyo adhabu inayoupa ukaguzi makali yake, na ndiyo niliyotaka kuiona. Afisa alijibu kwamba idara ya ukaguzi haina kumbukumbu hizo. Alisema kweli, kwani ziko idara ya fedha; lakini ombi langu lilikuwa kwa mamlaka, si kwa idara, na sheria haimtaki mwananchi ajue ni ghorofa ya ngapi faili lake limewekwa. Ilinibidi niandike upya nikiitaja idara ya fedha ndipo orodha ya malipo yaliyosimamishwa ikatoka.

Kwa mpangaji anayetaka ripoti ya nyumba yake mwenyewe, sishauri njia hii ndefu kwanza. Amwandikie afisa anayeshughulikia vocha yake, akitaja tarehe ya ukaguzi. Na kwa anayechunguza mamlaka nzima, kuna kumbukumbu moja inayosahaulika: kanuni zinazitaka mamlaka zifanye ukaguzi wa kuhakiki ubora, ambapo msimamizi hurudi katika sampuli ya nyumba zilizokwisha kaguliwa na kuzikagua upya. Kurasa zake ni chache, mamlaka hii ilizitoa bila mabishano, na ndizo pekee zinazoonyesha macho ya watu wawili juu ya nyumba moja, likiwamo jiko ambalo mkaguzi wa kwanza alilipitisha na msimamizi akaandika kwamba mafiga mawili hayawaki.