Daftari la Mwandishi wa Pwani: Tazama Uzi Kabla ya Jalada

Tangu niseme kwamba rasimu ya kwanza mimi huiandika kwa mkono na kompyuta baadaye, swali ni lile lile: ninunue daftari gani? Walionunua tayari wananiletea malalamiko. Dada mmoja wa Likoni alinitumia picha ya daftari lake la hadithi. Pale katikati, penye pini, pana madoa ya rangi ya chai, na karatasi imelika kandokando yake. Kurasa za kati zimeng'oka zote, na sehemu ya hadithi imekwenda nazo. Wala si daftari la bei rahisi; lina jalada la maua na utepe wa kuwekea alama.

Hiyo ni kutu, na ndiyo nitakayoizungumzia hapa. Mambo ya uzito wa karatasi mnayajua: gramu 80 ndiyo ya fotokopi, chini ya hapo ni nyepesi, basi. Mistari myembamba au mipana, chagua upendavyo. Lakini Mombasa ni kisiwa. Hewa ina chumvi na unyevunyevu mwaka mzima, na masika ikianza hata nguo kabatini zinanuka uvundo. Chuma chochote kilichomo ndani ya daftari kitashika kutu, na kutu haikai pale ilipoanzia. Inapaka karatasi na kuidhoofisha, kisha siku moja unafungua na ukurasa unabaki mkononi.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, fungua daftari katikati ya fungu la kurasa. Ukiona uzi, chukua. Ukiona pini, lirudishe. Usipoona kitu, hiyo ni gundi tupu. Lifungue mpaka lilale wazi mezani usikie kama mgongo unalia. Ukilia, nalo lirudishe.

Nambari moja kwangu ni kaunta buku, lile jeusi gumu la mgongo wa kitambaa ambalo wenye maduka huandikia madeni. La kampuni ya Kartasi hasa, na sioni haya kusema napendelea. Niliyonayo yameshonwa kwa uzi, yanalala wazi bila kushikiliwa, na la kwaya 2 (kwaya ndicho kipimo cha wingi wa karatasi zake) lina kurasa 192, yaani riwaya fupi nzima inaingia. Halina uzuri wowote, ni kweli. Likiwa mezani hakuna mgeni atakayelisifu, na hakuna mtoto atakayelichukua kuchorea.

Kompyuta naiweka ya pili, na najua kuna watakaonuna. Kwa kusafisha kazi haina mpinzani. Kwa kutunga, hasa shairi, inanikera. Nikitafuta kina cha kati huandika pembeni mwa ukurasa: jirani, pwani, mizani, shetani. Nakata mawili, naendelea. Kesho yake lile nililolikata ndilo linalonitimizia mizani 8, na lipo pale pale chini ya msitari, nalisoma. Kwenye kompyuta ningekuwa nimelifuta, na limekwenda. Halafu programu iliyowekwa Kiingereza inakupigia msitari mwekundu ukurasa mzima, kama mwalimu aliyeamka vibaya, na ukiandika "chai i wapi" inakugeuzia "chai I wapi". Ukinunua laptopu, kitu cha kwanza badilisha lugha na uzime urekebishaji wa herufi. Kama ni ya mtumba, nazipenda ThinkPad za zamani kwa kibodi yake. Chungulia matundu ya kuchomeka waya kwa tochi ya simu, kwani kutu ya kijani na nyeupe hujificha humo, na muuzaji atakwambia ni vumbi.

La tatu ni daftari la waya wa kuzunguka. Zuri mkononi, linakunjika. Lakini waya hata ukipakwa rangi huanza kuoza kwenye ncha zilizokatwa, juu na chini, kisha unakwama na kurarua matundu. La waya wa plastiki naweza kulivumilia.

Madaftari ya shule yenye pini mbili yanafaa kwa orodha ya sokoni.

Kalamu? Bic ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, hukauka upesi, na kiganja chenye jasho hakiuvurugi sana. Kalamu za jeli zinateleza vizuri, ila joto la Februari likikukuta unaandika karibu na dirisha, nusu ya sentensi itahamia mkononi mwako.

Na msiniambie daftari la ngozi kutoka ng'ambo ndilo litakalowafanya waandishi. Mshairi Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa hii hii, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni.

Sasa wauza madaftari. Kuna mtindo umeingia Moi Avenue na Digo Road wa kufunga kila daftari kwa nailoni, na ukiomba kufungua unaambiwa "ukifungua umenunua". Nitajuaje kilicho ndani, bwana? Samaki namfunua shavu kabla sijalipa na hakuna anayeninunia. Januari ndiyo balaa: shule zikikaribia kufunguliwa, kaunta buku lile lile la Novemba linapanda bei, na ukiuliza unajibiwa ni mzigo mpya, ilhali vumbi la mzigo wa zamani liko juu yake. Nunueni Oktoba. Akikukatalia kufungua, mwambie akufungulie yeye mwenyewe, katikati, sio ukurasa wa kwanza. Akikataa na hilo, duka la pili liko hatua chache tu mbele.