Seli za CHO: jeni itue popote, au ipelekwe mahali maalumu?

Seli za CHO, zilizotokana na ovari ya hamsta wa China mwaka 1957, hutengeneza sehemu kubwa ya dawa za protini. Kwa njia ya zamani, jeni ya dawa inayoingizwa kwenye seli hutua popote kwenye kromosomu. Seli moja hupata nakala nyingi, jirani yake moja tu. Kwingine jeni huangukia eneo la kromosomu lililokunjwa na kufungwa, ikanyamaza kabisa. Ndiyo maana maabara huchuja mamia ya kloni (kila moja ni uzao wa seli moja) kutafuta moja inayozalisha vizuri. Njia ya pili hutumia kimeng'enya kama Cre kuingiza jeni mahali pa kromosomu palipokwisha kujaribiwa. Kloni hufanana zaidi, ingawa nakala huwa chache. Mimi ningechukua hii. Lakini isikupumbaze: kromosomu za CHO hujipangua zenyewe, na hata uzao wa seli moja huanza kutofautiana ungali ndani ya tangi la kukuzia seli.