Massey Ferguson 135: soma namba kabla hujaangalia rangi

Nalima mahindi na mbaazi Babati, na trekta langu ni Massey Ferguson 135, kongwe kuliko mimi mwenyewe. Nalipatia nyota nne kati ya tano.

Nianze na namba, maana madalali wanazichezea sana. Ukoo huu ulianza na Ferguson TE20, lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946. Mwaka 1956 likaja FE35, kijivu na dhahabu. Kampuni ilipoanza kuitwa Massey Ferguson likapakwa nyekundu, likawa MF 35, boneti bado ya mviringo. Mwisho wa 1964 ukatoka mfululizo wa 100: 35 ikazaa 135, 65 ikazaa 165, na boneti ikawa ya pembe kama sanduku. Miaka ya sabini ukafuata mfululizo wa 200. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza ni kizazi, zinazofuata ni ukubwa. Ila 240 huwachanganya watu: halina 35 kwenye namba yake, lakini ndilo hasa lililoshika nafasi ya 135.

Sura zimebadilika kuliko moyo. Mwishoni mwa 1959 MF 35 ilipewa injini ya Perkins ya dizeli ya silinda tatu, kuchukua nafasi ya ile ya silinda nne iliyosumbua kuwaka kwenye baridi. Perkins hiyo ndiyo iko kwenye 135, na ya 240 ni ndugu yake wa damu. Ndiyo maana fundi yeyote wa huku anaifungua bila kukuna kichwa, na spea hazinihangaishi. Dalali mmoja aliwahi kuniletea "240" yenye rangi inayong'aa. Kusoma kibamba cha dashibodi, ni 135. Bei aliyotaja ilikuwa ya boneti.

Nyota niliyokata ni ya Multi-Power. Ni swichi ya kupandisha na kushusha mwendo bila kukanyaga klachi, raha tupu shambani. Tatizo ni mteremko: ikiwa upande wa chini, injini haishiki, trekta linajiachia, na ukiwa na trela la magunia nyuma breki peke yake ni kamari. Mimi naiweka upande wa juu kabla sijaanza kushuka, na dereva yeyote ninayempa funguo namwonyesha hilo kwanza. Kama huihitaji swichi hiyo, tafuta trekta lisilo nayo. Gia sita za mbele zinatosha.

Nguvu yake ni kama farasi 45, usilidai zaidi. Udongo mweusi ukikauka, plau ya sahani mbili ndiyo saizi yake. Ukilifungia tatu, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani hausikii, na dizeli inakwisha kabla ya eka.